Halikuteguka Lenyewe

Kitabu cha Oliver Sacks kiitwacho A Leg to Stand On nilikisoma kwa mkono mmoja. Ule mwingine, wa kulia, ulikuwa umefungwa kifuani kwa kanga ya mama, kwa sababu kitambaa nilichopewa hospitalini kilikuwa kinanikata shingo. Kufunua kurasa kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto ni kazi kuliko unavyodhani. Kila baada ya muda kitabu kilijifunga chenyewe na kunipotezea mahali. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba mimi si mhakiki asiye na upande. Nilikuwa nakisoma kitabu cha mtu aliyeumia nikiwa nimeumia, na kuna kitu nilikitaka kutoka kwake.

Ilikuwa mara ya tatu bega langu kuteguka. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 22, kwenye jimu ya mtaani ambako nusu ya vyuma ni vya dukani na nusu ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Nilikuwa nafanya snachi, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Kilo 70, uzito niliokwisha kuuzoea. Chuma kilirudi nyuma kidogo kuliko inavyotakiwa, mkono ukakifuata, na mfupa ukatoka mahali pake kwa mbele. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayechomoa mguu kwenye tope. Kocha alinikalisha chini, akasema, “Tulia mdogo wangu, usiuguse,” na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake haikuwa ya kocha.

Hospitalini mama ndiye aliyejibu maswali ya mapokezi. “Bega limeteguka,” alisema, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Kiswahili kina ukarimu wake hapo. Tunategua mtego, tunategua chungu jikoni, tunategua kitendawili, na katika yote hayo yupo anayetegua. Ukifika mwilini unaongeza k moja tu na mtenda anatoweka. Limeteguka. Nani kalitegua? Swali lenyewe linasikika kama ukorofi, kama kumuuliza mfiwa marehemu alikuwa anakula nini. Kwa miaka mitatu niliishi vizuri sana ndani ya kitenzi hicho. Vitabu nitakavyovizungumzia hapa ndivyo vilivyonifukuza humo, kimoja kwa uzuri wake, kingine kwa kasoro yake.

Nianze na Sacks. Mwaka 1974 alikuwa akipanda mlima peke yake huko Norway. Alipita onyo la fahali, akaliona kama mzaha, na huko juu akakutana na fahali kweli, ameketi njiani. Akageuka kukimbia, akaanguka, na msuli mkubwa wa mbele ya paja la kushoto ukachanika pale unaposhikana na goti. Alijifunga gango kwa mwavuli wake. Akaanza kushuka kwa makalio, akijisukuma kwa mikono kwa mdundo wa wimbo wa wapiga makasia, mpaka wawindaji wawili, baba na mwanawe, walipomkuta. Alirudishwa London, akafanyiwa upasuaji, na upasuaji ulikwenda vizuri. Hapo ndipo kitabu kinapoanza hasa, kwa sababu mguu uliokuwa ndani ya plasta haukuwa wake tena. Aliutazama akaona kitu, si kiungo. Aliuambia usogee, na hakujua hata amwambie nani.

Kurasa hizo ni bora kuliko zote nilizowahi kusoma kuhusu mwili uliomgomea mwenyewe. Sacks alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu na hajifichi nyuma ya udaktari. Anaogopa, anaaibika, anamchukia mpasuaji anayemwambia kwamba hakuna tatizo lolote. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Baada ya bega kuteguka mara ya kwanza, kipande cha ngozi kwa nje ya bega, ukubwa wa andazi, kilikuwa hakisikii kitu kwa wiki sita. Kuna mshipa wa fahamu unaozunguka shingo ya mfupa wa mkono, na mfupa ukitoka unaweza kuuvuta. Hilo nilielezwa. Kitu ambacho sikuelezwa, na Sacks alinieleza, ni kwamba mtu anaweza kuona haya mbele ya kiungo chake mwenyewe. Nilikuwa nikioga nalipita lile andazi haraka, kama unavyompita mtu unayemdai na hutaki kugombana naye.

Basi, sifa zake nimezitoa. Sasa malalamiko.

Kitabu hiki kina umbo la mlima. Unapanda, unaanguka, unalala bondeni kwenye giza, halafu muziki wa Mendelssohn unaingia na unatembea tena. Jeraha linatokea mara moja. Fahali anaonekana mwanzoni na baada ya hapo ni kumbukumbu. Ni umbo zuri na la kale, na ndilo karibu kila anayeandika kuhusu kuumia huliazima: kulikuwa na kabla, kukawa na siku ile, kukawa na baada. Bega langu lilikataa kuingia humo. Mara ya pili lilitoka miezi mitano baadaye, kwa kilo 60. Mara ya tatu nilikuwa usingizini, nimeweka mkono juu ya kichwa, nikageuka. Mara ya nne nilikuwa nimeshika bomba la juu kwenye daladala pale Buguruni na dereva akafunga breki. Nimwite nani fahali katika hayo? Shuka? Daladala?

Kuna sababu ya kimwili ya kurudiarudia huku, na inafaa kuelezwa kwa sababu waandishi wa hadithi za kuumia huiruka. Bega ni chungwa lililokaa juu ya kisahani cha kahawa. Kisahani ni kidogo na hakina kina, na ndiyo maana mkono unaweza kuzunguka karibu kila upande. Uhuru huo unalipiwa. Pembeni mwa kisahani kuna ukingo laini unaozuia chungwa lisiporomoke, na mara ya kwanza mfupa unapotoka kwa mbele, mara nyingi huubandua ukingo huo. Wakati huohuo nyuma ya chungwa hubonyea shimo, pale lilipogongana na ukingo wa mfupa. Usiporekebishwa, ukingo uliobanduka haurudi mahali pake vizuri, na kila safari inarahisisha inayofuata. Kwa vijana hali ni mbaya kuliko kwa wazee, jambo ambalo kila mtu jimuni hulikataa, kwa kuwa tunaamini ujana ndio dawa.

Kabla ya Sacks nilikuwa na mwalimu mwingine wa jambo hili, naye alikuwa Mel Gibson. Katika Lethal Weapon 2, ya mwaka 1989, askari Riggs anavalishwa koti la kufungia wendawazimu, anaweka dau na wenzake, analitoa bega lake makusudi, anachomoka, kisha analirudisha kwa kujigonga. Wenzake wanalipa pesa. Niliitazama nikiwa darasa la sita kwenye kibanda umiza, mkanda una mistari, na mfasiri wetu akaongeza maneno ambayo nina hakika hayakuwamo kwenye filamu. Ukumbi ulilipuka. Baadaye kidogo bega hilohilo linamwokoa Riggs majini. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba bega linaloteguka ni kipaji.

Sitaki kuionea filamu ya risasi kwa kukosa somo la tiba. Kujigonga ukutani ni njia nzuri ya kuvunja mfupa ambao hadi hapo ulikuwa mzima, lakini hilo ni la daktari kulisema. Kosa lake kihadithi ni jingine. Inajua kwamba bega la Riggs hurudia, ndiyo sababu anaweza kuweka dau. Inaujua mtindo wa kurudia kuliko Sacks. Ila imeufanya uwe silaha. Mtu ambaye bega lake hutoka haishi akilitumia, anaishi akilikwepa. Anajifunza kuvaa shati kwa kuanza na mkono mbovu. Anakaa dirishani upande ambao hatalazimika kunyoosha mkono kumpa konda nauli. Anasalimia kwa kushoto na kuomba radhi kwa wazee, kila mzee kivyake. Riggs hana hata dakika moja ya aina hiyo, na Mel Gibson anapopiga kelele ya maumivu, kelele inaishia palepale.

Nilikuja kupata maandishi yanayojua kukwepa huku mahali nisipotarajia: katika kitabu cha Kigiriki chenye umri wa zaidi ya miaka 2300, Kuhusu Viungo, kinachohesabiwa miongoni mwa maandishi ya Hippocrates. Nilikisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Francis Adams, daktari wa Scotland, iliyotoka mwaka 1849 na inayopatikana bure mtandaoni. Niliingia humo kutafuta kichekesho. Vichekesho vipo: bega linarudishwa kwa kisigino cha tabibu kwapani, kwa kumning'iniza mgonjwa begani kwa mtu mwingine, kwa ngazi, kwa mlango. Nilicheka mpaka nikafika sehemu ya wale ambao bega lao hutoka mara kwa mara.

Hapo mwandishi anabadilika. Anasema matibabu ya watu hawa yanastahili kujulikana, kwa sababu wengi wameacha mazoezi ya michezo ingawa kwa mengine yote walifaa, na wengine wakawa hawafai vitani wakafa kwa ajili hiyo. Anataja kwamba wengi wao hujirudishia bega wenyewe, kwa kusukuma kwa vifundo vya mkono mwingine ndani ya kwapa. Nilitazama mkono wangu wa kushoto. Nilikuwa nimefanya hivyo hasa, mara ya nne, nimekaa kwenye msingi wa nyumba ya mtu baada ya kushushwa na daladala, na nilidhani nimevumbua.

Halafu anaeleza tiba. Ni kuchoma: vyuma vyembamba vya moto kwapani, ili ngozi na nyama vikaze na kuifunga nafasi ambayo mfupa huiendea. Anawakemea matabibu wenzake wanaochoma sehemu nyingine za bega, kwa sababu wanaufukuza mfupa kuelekea palepale unapotokea. Na baada ya kuchoma, anasema, mkono ufungwe ubavuni usiku na mchana, kwa muda mrefu, hata vidonda vikiwa vimekwisha kupona. Utisho wa chuma cha moto usituzibe macho tusione ubora wa uandishi huu. Hana mlima wala fahali. Anaanza na swali ambalo Sacks na Riggs hawaliulizi: mtu huyu anataka kurudi kufanya nini? Mieleka? Vita? Kwake jeraha lina mwenyewe, na mwenyewe ana kazi. Sijasoma maandishi ya tiba yenye heshima zaidi kwa mtu mwenye nguvu aliyeharibika mahali padogo.

Wanyanyuaji wanaoandika, kwa bahati mbaya, hawaandiki hivyo. Wanaandika misuli. Yukio Mishima, katika Sun and Steel ya mwaka 1968, anakipa chuma hadhi ya mwalimu wa falsafa. Kathy Acker wa Marekani, katika insha yake ya mwaka 1993 kuhusu lugha ya mwili, ana jambo bora zaidi: anasema alijaribu kuweka shajara ya mazoezi na kila mara akashindwa kuiandika, kwa sababu jimuni lugha hupungua hadi inabaki hesabu na pumzi. Kweli kabisa. Anasema pia kwamba mjenzi wa mwili hufanya kazi kuelekea kushindwa: unaupeleka msuli mpaka ushindwe, ndipo ukue. Niliipenda insha ile kwa wiki nzima, kisha nikagundua kwamba ndani yake hakuna kiungo hata kimoja. Msuli ukishindwa unapona na kuongezeka. Kiungo kikishindwa kinajifunza kushindwa. Ni falsafa mbili tofauti, na yangu haikuwa na mwandishi. (Katika soka tunamwita mchezaji wa katikati kiungo, na kila shabiki anajua timu hufia hapo, wala si mbele. Jimuni hatujui.)

Mara ya tano ndiyo ninayopaswa kuisimulia, na nimeichelewesha.

Mpwa wangu alikuwa na miaka mitatu. Ilikuwa Jumapili alasiri sebuleni kwa dada. Daktari alikuwa ameniambia miezi mitatu bila kunyanyua chochote juu ya kichwa. Zilikuwa zimepita wiki tano, na nilikuwa nimesharudi jimuni kwa siri, nikianza na chuma kitupu. Nilimnyanyua mtoto kama snachi, mikono imenyooka. Alicheka. Nilimshusha. “Mjomba, tena!” Nikamnyanyua tena. Mara ya tatu au ya nne bega likatoka na mkono wa kulia ukafa, na mtoto akaning'inia upande mmoja kwenye mkono wa kushoto halafu akaanguka. Aliangukia rundo la nguo zilizoanuliwa, akagonga paji la uso kwenye mguu wa meza. Alitokwa na nundu, si zaidi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nimeshika kiwiko, na neno lililonitoka lilikuwa lilelile.

“Dada, samahani, bega limeteguka.”

Alikuwa amekwisha mbeba mtoto. Hakupaza sauti. “Halikuteguka,” alisema. “Umelitegua.”

Kisarufi ni herufi moja tu. Aliniondolea k na kunirudishia nafsi. Tangu siku ile, anaponipokea nyumbani kwake, ananikaribisha, ananiandalia, ananiuliza habari za kazi, na mtoto akinikimbilia anamwita kwanza aje ashike kitu fulani jikoni. Hajawahi kusema nisimbebe.

Ningependa kuandika kwamba niliacha. Miezi minne baadaye nilikuwa kwenye kilo 75, kwa sababu mashindano ya mkoa yalikuwa yanakaribia na kwa sababu zilikwenda juu. Za kwanza mbili zilikwenda juu. Ya tatu ndiyo mara ya sita.

Ni katika mapumziko ya mara hiyo ya sita niliposoma On the Move, kumbukumbu za maisha alizozichapisha Sacks mwaka 2015, miezi michache kabla ya kufa. Nilikuwa nimeacha kumtafuta kwa ajili ya bega. Nilitaka tu kampani. Na hapo nikakutana na mnyanyuaji. Sacks, daktari mpole mwenye ndevu, mwaka 1961 alikuwa ameweka rekodi ya California ya kuchuchumaa na chuma mabegani: ratili 600, kama kilo 272. Alikuwa akishinda ufukweni miongoni mwa wabeba vyuma. Halafu anaandika jambo ambalo nimelisoma mara nyingi kuliko lolote katika vitabu vyake: kwamba aliisukuma misuli ya mapaja kupita mipaka yake, na kwamba kule kuchuchumaa kwa wazimu bila shaka kulihusika na kuchanika kwa msuli wa paja moja mwaka 1974 na wa paja la pili mwaka 1984.

La pili! Mwaka 1984 ndio mwaka ambao A Leg to Stand On kilitoka. Kitabu kinafika madukani na hadithi yake ya jeraha moja, na mwaka huohuo mwili wa mwandishi unaandika sura nyingine. Fahali wa Norway hakuwapo.

Sasa je, kitabu cha kwanza ni cha uongo? Nimejaribu kuwa mkali na nimeshindwa. Sacks alikuwa anafuata swali la ubongo na mguu uliopotea, na swali hilo alilitendea haki. Hakuna mwandishi anayelazimika kuanza hadithi ya ajali kwa miaka 13 iliyotangulia. Lakini umbo la kitabu linachagua kwa niaba yake. Ukiisha kuwa na mlima, fahali, na mwavuli, hakuna nafasi ya kijana anayejitwika kilo 272 mbele ya watu wanaomshangilia. Kwa Kiswahili ningesema kitabu cha 1984 kimeandikwa kwa kauli ya kutendeka: mguu umechanika. Sentensi ile ya 2015 inamrudisha mtenda. Ilimchukua miaka 31, na alikuwa mtu mkweli kuliko wengi wetu.

Nilitamani mtu angelikosoa kitabu kile cha kwanza kwa namna hiyo mwaka uleule, dada fulani wa London. Wakosoaji wa vitabu vya kuumia, nami nimo, tunakuwa wapole mno. Tunaona plasta tunanyamaza. Tunapima ujasiri wa mwandishi, uzuri wa giza lake, muziki uliomwamsha, na hatuulizi swali la mapokezi ya hospitali: ulikuwa unafanya nini?

Mwaka 1923 mpasuaji wa Kiingereza, Bankart, alichapisha makala ya kuonyesha kwamba tatizo la watu kama mimi ni ule ukingo uliobanduka. Katika kichwa cha makala aliliita teguko la kujirudia au la mazoea. Nimelifikiria sana hilo neno la pili. Mazoea ni ya nani, ya bega au ya mtu? Kiswahili kina kiambishi cha mazoea, hu-, na kila mwanafunzi wa kidato cha pili anajua ajabu yake: hakichukui nafsi. Mimi huteguka, bega huteguka, sisi huteguka, kitenzi hakibadiliki. Limeteguka lilikuwa limemficha mtenda mmoja. Huteguka haina hata kiti cha kumkalisha. Nilipokuwa nikiwaambia watu “bega langu huteguka,” kwa sauti ya mtu anayetaja kabila lake, nilikuwa nimefika mwisho wa sarufi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mpasuaji wa mifupa. Alinilaza chali, akauinua mkono wangu pembeni kama mtu anayekula kiapo, kisha akauzungusha taratibu kuelekea nyuma. Haukuuma. Ila kabla haujafika mbali mwili wangu wote ulikakamaa na mkono wangu wa kushoto ukamshika kifundo. Akaacha mara moja. “Hicho ndicho nilichokuwa natafuta,” alisema. Kipimo hicho hakitafuti maumivu, kinatafuta hofu. Mgonjwa akiogopa, kimejibu. Sijui kipimo kingine cha tiba kinachofanana zaidi na kusoma.

Picha zilionyesha kwamba kisahani chenyewe kimelika kwa mbele, kwa hiyo kushona ukingo peke yake kungekuwa dhaifu kwa mtu anayetaka kurudi kwenye vyuma. Alipendekeza njia iliyoelezwa mwaka 1954 na Mfaransa Latarjet: kuna ncha ya mfupa mbele ya bega, inakatwa pamoja na misuli yake na kufungwa kwa skrubu pale palipolika, iwe kizuizi. Ncha hiyo jina lake la kitaalamu limetokana na neno la Kigiriki la kunguru, kwa sababu ya kufanana na mdomo wake. Nimekaa Dar es Salaam maisha yangu yote nikiwafukuza kunguru kwenye sahani. Sikujua nina mdomo wa mmoja wao kifuani. Nilimuuliza kama nitaweza snachi tena. Naye akaniuliza, “Unataka kurudi kufanya nini, hasa?” na nilimpenda kwa sababu hiyo, ingawa sikuwa na jibu. Tarehe tumepanga. Gharama bado nazichangisha, na dada amechangia wa kwanza.

Nina daftari la mazoezi, kila mnyanyuaji analo: tarehe, zoezi, kilo, marudio. Acker alishindwa kuandika lake kwa maneno. Langu halikuwahi kuwa na maneno, isipokuwa mara sita, pembeni, kwa kalamu nyekundu: bega limeteguka. Juzi nililichukua nikaanza kusahihisha. Ya kwanza ilinichukua muda, kwa sababu uzito ulikuwa wangu na kocha alikuwa ameniambia nipumzike wiki ile, jambo ambalo hapa sikuwa nimelitaja. Nimelitegua. Ya pili, nimelitegua. Ya daladala nilibishana nayo, kisha nikakumbuka kwamba kulikuwa na kiti kitupu nyuma na nilisimama kwa sababu kulikuwa na wasichana wawili mbele. Ya mtoto haikuhitaji kufikiriwa. Ya kilo 75 pia.

Ile ya usingizini imenishinda. Nimeisoma mara nyingi, nimejaribu kukumbuka kama mchana wake nilifanya kitu. Nimeiacha ilivyo.